Swali namba 14

Karatu nilitajiwa nauli ya Mang'ola nikalipa bila kuuliza. Njiani ndipo nikajua kwamba mama niliyebanana naye, mwenye kuku wawili mapajani, amelipa nusu yake. Nilinung'unika mpaka vumbi likaniziba mdomo. Bahasha ya madodoso niliikumbatia kifuani isichafuke.

Mimi ni muuguzi, na safari hii nilitumwa kuwafundisha vijana wanne wa Kihadzabe kukusanya takwimu za lishe: kuomba ridhaa, kuuliza, kupima mkono wa mtoto kwa utepe, kuandika. Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji wa matunda na mizizi, ni zaidi kidogo ya 1,000 tu, na wamepimwa kweli. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha bakteria wa utumbo wa Wahadzabe 27 na wa Waitaliano 16. Nilichokitaka safari hii ni kwamba anayeshika kalamu awe mwenyeji.

Siku mbili za darasa chini ya mti zilikwenda salama. Ya tatu tukayapita mashamba ya vitunguu, yanayozidi kulimega pori lao, tukafika kambini. Wanaume, wanawake na watoto walikaa kutuzunguka, na kijana wangu mmoja akaanza kuuliza. Alipofika kwenye "jana ulikula milo mingapi", mama aliyekuwa akijibu alieleza kwa muda mrefu.

"Mama, nihesabu vipi?" kijana akanigeukia. "Asubuhi amekula ubuyu. Mizizi ameila palepale alipoichimba, mingine akawaletea watoto. Hiyo ni milo mingapi?"

Nikamwambia aandike mitatu. Hakuandika.

Tukafika namba 14: nyama ikipatikana, nani hula sehemu gani? Alilisoma kimya, akaligeuza dodoso kifudifudi juu ya magoti. "Hili siulizi hapa."

Nilidhani amechoka. Nikamhimiza mbele za watu, kwa sauti ya mwalimu. Wazee wawili wakainuka, wakaondoka bila kuaga. Kambi nzima ikanyamaza.

Baadaye alinivuta pembeni, akanieleza kile alichoona kinafaa kuelezwa. Zipo sehemu za mnyama ambazo ni za epeme. Wanaume waliofikia daraja hilo huzila peke yao, mbali na wanawake na watoto, na kuvunja mwiko huo huleta maradhi. "Ningeuliza, wangekudanganya kwa heshima tu," alisema. "Na wewe ungeandika."

Dodoso lile tulilipitia watu saba, mjini, siku nzima. Hakuna aliyelishtukia swali hilo.

Tulipokuwa tukifunga mizigo, yule mama akamtuma kijana aniulize: waliomtoa damu zamani, majibu yake wameyaweka wapi?

Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka bibi yangu, Pangani. Nikiwa mdogo walikuja watu usiku wakatoboa vidole vya wanakijiji. Leo najua kwa nini usiku: vijidudu vya matende hutembea kwenye damu saa hizo. Wakati ule hakuna aliyetufafanulia, na majirani walijifungia milango wakinong'ona mumiani. Bibi alifungua, akatoa kidole, akasema huenda kitawafaa wajukuu. Kwa miaka kila gari geni likiingia kijijini alitoka barazani akidhani ni majibu yake. Alikufa hajayapata, na mguu wake umevimba vilevile. Lau kijana mmoja wa mtaani kwetu angefundishwa kazi ile, bibi angekuwa na mlango wa kubisha.

Usiku nikawasomea vijana mambo matano ambayo Wasani, jamii ya asili ya wawindaji wa Afrika Kusini, waliwaandikia watafiti mwaka 2017: heshima, uaminifu, haki, kujali, na kufuata utaratibu. Tukakaa na taa mpaka usiku mkubwa. Namba 14 ikafutwa. Swali la milo likawa: tangu ulipoamka jana, ulikula nini, wapi, na nani? Juu kabisa, kabla hata ya jina la anayehojiwa, wakaweka mstari mpya: *Nani atarudi na majibu, na lini?*

Wakaniambia nianze kuujaza mimi. Niliandika jina langu, namba ya simu, na "kabla ya masika". Asubuhi kijana alimpelekea yule mama nakala. Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, akaufunga fundo.