Kwa nini niliacha 42 − 17 nikachukua 42 − 18

Swali lilikuwa 42 − 17, na watoto wengi wa Darasa la Tatu waliandika 35. Nilikuwa kwenye majaribio ya awali ya zoezi fupi la kutoa, katika shule za msingi mkoani Morogoro, nikitafuta jambo moja tu: mtoto anayeshindwa kutoa kwa kukopa, anakwama wapi? Utafiti wangu ni wa takwimu. Majibu yote hatimaye huingia kwenye jedwali, na jedwali haliwezi kukuambia kitu ambacho hukukiandika.

Nikamwomba mtoto mmoja anionyeshe alivyofanya. "Mbili toa saba haiwezekani," akasema, "kwa hiyo nimefanya saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu." Mwenzake naye alikuwa na 35, lakini alipita njia nyingine kabisa. Alikopa vizuri, kumi na mbili toa saba akapata tano, kisha kwenye makumi akasahau kwamba nne imeshakuwa tatu, akafanya nne toa moja. Jibu moja, matatizo mawili. Wa kwanza haioni 42 kama namba moja, anaona tarakimu mbili zilizokaa jirani. Wa pili kukopa anakujua, kilichobaki ni kupunguza makumi. Ukiwafundisha somo lile lile, mmoja wao hutamsaidia.

Jioni ile nilikaa na karatasi mpaka sababu ikaonekana. Njia hizo mbili hukutana pale tu tofauti ya tarakimu za mamoja inapokuwa 5: 7 − 2 ni 5, na 12 − 7 ni 5 vilevile. Weka 42 − 18 na watoto wanajitenga wenyewe. Jibu sahihi ni 24. Anayegeuza tarakimu anapata 36, anayesahau kupunguza makumi anapata 34, na aliyejumlisha badala ya kutoa anapata 60. Tangu hapo kila swali nalikokotoa kwanza kwa makosa yote ninayoyafahamu, na likileta jibu moja kwa makosa mawili nalitupa. Wasaidizi wangu nao hawaweki vema wala mkasi, wanaandika jibu la mtoto kama lilivyo. Kompyuta itakupa 0 ya kosa na 1 ya sahihi wakati wowote ukizitaka, lakini 36 ukishaigeuza 0 hairudi.

Kuwapata watoto ni kazi nyingine. Mwalimu Mkuu akisikia kuna wageni kutoka chuo, kwa nia njema kabisa atakuletea wale wanaojua. Kwa hiyo naomba daftari la mahudhurio, nachagua kwa namba nasibu, na jina likiangukia mtoto asiyekuwepo siku hiyo naliandika pia, maana watoro mara nyingi ndio wenye shida kubwa zaidi.

Halafu kuna suala la idadi, na hapa nilibishana sana na wenzangu waliotaka watoto wengi kwenye shule chache, ili tusitumie mafuta mengi. Watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja na vitabu vile vile, hivyo mtoto wa thelathini hakuongezei habari nyingi juu ya zile ulizokwisha kuzipata. Kanuni inayohusishwa na mtakwimu Leslie Kish inakadiria hasara hiyo: 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni watoto kwa kila shule na r ni sehemu ya tofauti za alama inayotokana na shule. Tuseme r ni 0.3. Watoto 1,200 katika shule 40, yaani 30 kila shule, wanakupa 9.7, gawanya 1,200 kwa hiyo 9.7, na una uhakika wa watoto kama 124 tu waliochaguliwa mmoja mmoja. Watoto hao hao 1,200 ukiwatawanya katika shule 120, 10 kila shule, unafika kama 324. Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni, mabishano yakaisha. Tukapunguza watoto, tukaongeza shule.

Matokeo niliyarudisha kwa walimu kwenye karatasi ya ukurasa mmoja, bila wastani. Niliandika tu ni watoto wangapi wa darasa lako walipata 36 na wangapi 34. Mwalimu mmoja, mwenye watoto zaidi ya mia chumba kimoja, aliitazama kwa muda mrefu. "Hawa wa 34 nawamaliza wiki hii," akasema. "Wale wengine, mwenzangu, lazima nirudi kwenye vijiti, nifunge kumi kumi, waone kwa macho." Wastani wa darasa lake usingemfikisha hapo.

Sasa naandaa maswali ya kugawanya. La kwanza ni 612 ÷ 6, ambalo mtoto anayeruka sifuri ya katikati anapata 12. Kabla ya kuliingiza, natafuta kama kuna kosa jingine linaloweza kuleta 12 hiyo hiyo.