Billy Joel, shemeji yake na saini moja

Kila nikikuta watu wanamjadili Billy Joel wanaishia palepale, eti mzee alikosea kuacha kutoa albamu za pop 1993, angekomaa angekuwa mbali zaidi. Mi hapo tunaachana. Kama kuna sehemu yule mzee angeenda tofauti ni mwanzoni mwa miaka ya 80, pale alipomwachia shemeji yake hela zote, na kabla ya hapo kuna lile la 1971, ila la 1971 namsamehe, alikuwa dogo wa miaka 22 na anataka rekodi itoke basi.

Kwa wasiomjua, maana huku kwetu Dodoma ukiwasha redio jumapili utamsikia Don Williams na Kenny Rogers mpaka uchoke ndo yeye aje kupigwa mara moja, huyu ni Mmarekani wa New York, mpiga piano, kazaliwa 1949, kauza rekodi zaidi ya milioni 150 duniani. Sio msanii mdogo kabisa. Ndo maana kisa chake kinauma.

Albamu yake ya kwanza, Cold Spring Harbor, ndo hiyo ya 1971, ilitoka kwenye lebo ya jamaa anaitwa Artie Ripp, ikatoka na spidi iliyokosewa, sauti yake ikawa nyembamba utadhani sio yeye. Hilo unaweza kucheka. Mkataba ndo haukuwa wa kuchekwa, alisaini haki za nyimbo zake zikaenda na maji, akakimbilia Los Angeles akawa anapiga piano kwenye baa kwa jina la Bill Martin huku watu wanahangaika kumtoa kwenye ule mtego. Lebo kubwa ya Columbia walipomchukua bado Ripp akawa anakatiwa chake kwenye mauzo ya albamu kwa miaka mingi tu, hata nembo ya kampuni yake iliendelea kukaa kwenye rekodi. Yaani mtu anakula kwenye sahani yako na jina lake limeandikwa kwenye sahani.

Sasa sikia sehemu ambayo watu wanairuka. Mkewe wa kwanza, Elizabeth Weber, ndo akaja kuwa meneja wake, na kwa maoni yangu huyu mama alikuwa meneja bora kuliko wote aliowahi kuwa nao. Ni kipindi chake ndo ikatoka The Stranger 1977, ikaja 52nd Street 1978 iliyobeba Grammy ya albamu ya mwaka, na hakimiliki za nyimbo zikarudi mkononi mwa mwenyewe, bosi wa CBS, kampuni mama ya Columbia, Walter Yetnikoff, akiwa nyuma ya mpango huo. Kwahiyo mtu akiniambia usichanganye mke na kazi namwambia kwa Billy Joel mke ndo aliyeiokoa kazi.

Ndoa ikayumba, 1982 wakaachana rasmi. Na hapa ndo mzee alipofanya kitu ambacho mpaka leo nikikaa nakitafakari sikielewi vizuri. Unaachana na dada, kaka mtu unabaki naye, tena unampa umeneja mzima. Frank Weber. Mikataba kwake, ziara kwake, uwekezaji kwake, hela zinaingia kwake zinatoka kwake. Na sio kwamba walikuwa wanavumiliana, hapana, walipendana kweli, binti yake Alexa alipozaliwa mwishoni mwa 1985 na mke wa pili, Christie Brinkley, aliyefanywa baba wa ubatizo ni huyohuyo Frank. Hebu fikiria, unamfungulia vipi mtu kama huyo daftari mezani ukamwambia shem, hii hela imeenda wapi? Unaona aibu. Atasema humwamini. Ukoo mzima utasema umelewa sifa.

Basi akanyamaza miaka na miaka mpaka 1989 alipoletewa hesabu zilizokaguliwa na watu wa nje. Akamfukuza, akafungua kesi ya dola milioni 90. Alidai hela zake zilikopeshwa bila riba kwenye biashara za Weber mwenyewe, zikiwemo za kufuga farasi, na kwamba gharama za video zake za muziki alikuwa anatozwa mara mbili. Mwaka uliofuata jaji akampa dola milioni 2 kama sehemu ya madai. Milioni 2 kwa 90, piga hesabu mwenyewe. Mtu wa miaka 40, amejaza viwanja dunia nzima, anarudi barabarani na ziara ya Storm Front iliyokwenda mpaka 1991.

Najua kuna watu watasema hapo somo ni ndugu asiguse hela. Mi ni mtu wa huku, siwezi kukubali kirahisi, sababu muziki wetu wa Kigogo ni muziki wa ukoo. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka dunia na zeze na malimba akiwa na Charles, mtoto wa ndugu yake, wakarekodi mpaka na Real World, lebo ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, na familia ile inapiga mpaka leo. Undugu haukuwaharibia kitu. Na kwa Billy Joel mwenyewe nimeshasema, Elizabeth naye alikuwa ndugu.

Shida ni saini moja. Kikoba chetu mtaani Chang'ombe, hapahapa Dodoma, kina hela ndogo ambayo Billy Joel angeitumia kununua viatu, lakini sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti, na hakuna aliyewahi kusema eti ametukanwa kwa kutopewa funguo zote. Ndo utaratibu ulioukuta, unaukubali au unaenda kikoba kingine. Angemwachia Frank umeneja hivohivo ila akaweka mhasibu wa nje anayekagua kila mwaka kuanzia siku ya kwanza, na hundi kubwa zisitoke bila saini ya pili, pengine mpaka leo wangekuwa wanakula krismasi pamoja. Huo ndo upande unaoniuma kuliko hata hela.

Sasa 1993. Alitoa River of Dreams akasema basi. Mi naona alipatia, hakuwa na kipya cha kusema kwa staili ile na hakutaka kutoa takataka ili mradi jina lisikike, 2001 akaleta muziki wa piano wa klasiki ambao hata hakuupiga yeye, na shoo akaendelea. Kuanzia Januari 2014 akawa anapiga Madison Square Garden kila mwezi, korona ikaingilia hapo kati, mpaka Julai 2024 alipofikisha shoo 150 pale ndani tangu aanze. Nyimbo za zamani zilezile, ukumbi unajaa. Wasanii wangapi wanaotoa albamu kila mwaka wanajaza hivyo?

Ambacho hakukipatia ni kwa mpiga drum wake, Liberty DeVitto, wamekaa miaka kama 30, halafu 2009 DeVitto akaenda mahakamani akidai mirabaha yake, yakaisha 2010 nje ya mahakama. Mtu aliyelia kuibiwa unategemea yeye ndo awe wa kwanza kuweka hesabu za wenzake sawa bana.

Haya yote nilikuwa namsimulia dogo mmoja anayepiga kinanda kwenye maharusi, siku hizi kumbi hapa Dodoma hazikauki tangu serikali ihamie, anapata kazi mpaka za katikati ya wiki. Meneja wake ni shangazi yake, advansi zote zinaingia kwenye simu ya shangazi. Nikamwambia we dogo muombe hata meseji za miamala tu, muandike pamoja kwenye daftari, mwezi hadi mwezi.

Akacheka sana. Akasema kaka, we humjui shangazi.