Siku Yangu na Maua Yasiyotaka Kwisha

Saa moja na nusu asubuhi. Giza ndiyo kwanza linaondoka. Kabla sijashika jembe ninainama kugusa nyasi. Umande mtupu. Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, haijaanguka, na maua ya dalia yamesimama pale pale, kama hayajui kwamba ni Novemba na huku kwetu majira ya baridi yanaingia.

Watu wanadhani mtunza bustani anashinda akimwagilia maji na kunusa waridi. Kumbe kipindi hiki nusu ya kazi ni kungoja mmea ufe! Dalia asili yake ni Meksiko, haiwezi baridi ya kugandisha. Usiku mmoja tu maji yakiganda ndani ya majani, asubuhi unaukuta mmea mzima mweusi, umelegea kama uliomwagiwa maji ya moto. Hapo ndipo tunachimbua viazi vyake, yaani mizizi yake minene, na kuvihifadhi tuvipande tena. Mwaka huu usiku wenyewe hauji.

Saa mbili hadi saa nne: kuzoa majani. Toroli kumi na moja.

Saa nne na dakika chache mwenye bustani akatoka.

"Fundi, haya maua bado hujayang'oa? Si ulisema humu tunapanda tulipu?"

Nikamweleza kwamba tulipu hazina haraka, heri zipandwe udongo ukishapoa, maana kwenye joto zinashikwa na ugonjwa wa ukungu. Na dalia nazo, siku zikifupika ndipo viazi vinanenepa, kwa hiyo kila wiki tunayoziacha ni faida.

"Sawa, lakini kwenye ratiba imeandikwa Novemba."

Ratiba niliiandika mimi mwenyewe. Nikanyamaza.

Basi nikaanza na tuta la chini ya dirisha. Nimeshakata nusu, viganja vimenata utomvu, mgongo unalalamika, nasikia mlango.

"Ngoja, ngoja! Hiyo nyekundu iache. Na ile ya zambarau. Jumamosi nina wageni."

Ile nyekundu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Ua kubwa kama sahani, mbele linang'aa, lakini ukiligeuza, petali za nyuma zimeshakuwa kahawia kwa unyevu. Katikati amejikunyata nyuki mnene mwenye manyoya, hasogei. Nikampulizia pumzi ya moto, mara mbili, mara tatu. Mguu mmoja ukatikisika, kisha mwingine. Nikamhamishia kwenye ile ya zambarau. Mwenye bustani alikuwa bado anaongea, sijui alisema nini.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Nilipogoa, nilifunga mashina yaliyoinama, nilipita kwenye waridi bila kukata maua makavu. Tangu Septemba nimeyaacha yafunge matunda, mti upate ishara ya kupumzika. Haujaipata. Umetoa vitumba vipya vinne, vimefumba, na vingine navijua havitafumbua kamwe. Udongo ulikuwa mzito, kila nikiinua buti naona nimebeba kilo ya matope. Kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi kwa mkasi.

Saa kumi na moja giza limeshaingia. Nimesuuza jembe, nimepaka mkasi mafuta, ndoo ya dalia zilizokatwa nimeiweka mlangoni kwa ajili ya wageni wa Jumamosi.

Nikiwa njiani simu ikaingia ujumbe: "Fundi, tuta la dirishani mbona limekuwa tupu hivi?"