Siku moja maishani mwangu: mjumbe wa kamati ya malisho, Longido

Watu wa mjini wakisikia mfugaji wanadhani tunafuata tu ng'ombe popote penye nyasi. Mi ni mjumbe wa kamati ya malisho ya kijiji chetu, kazi haina mshahara, ngoja niwaeleze jana ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri nishaamka, wanawake wanakamua, saa 1 ng'ombe wakatoka na vijana, nikanywa chai nikachukua fimbo.

Saa 2 nikawa kwenye alalili ya kijiji. Alalili ni malisho tunayoyafunga masika yote ili kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe dhaifu wapate kitu. Ipo ya kijiji, ambayo wazee na kamati ndo wanaamua inafunguliwa lini, na ipo ndogo ya boma, ya kaya yenyewe. Zote tumezikuta kwa babu zetu na zote tunazihitaji. Sikuona kwato mpya, nikashukuru.

Saa 4 ndo nikakuta baba yangu mdogo mmoja kasogeza uzio wake wa miiba. Ulikuwa unaishia kwenye kichuguu, sasa umekivuka na umekula njia ya mifugo ya kwenda lambo. Nikainamisha kichwa akanigusa, ndo salamu yetu kwa mzee, tukaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, maana huwezi kumwendea mzee ukaanza na uzio. Nilipofika kwenye la uzio akasema ndama wake wameongezeka. Nikamwambia baba mdogo, ile ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ipo, ukitaka nyongeza leta kwenye kikao. Akasema kwani wenzetu wa Kajiado, kule Kenya, si kila mtu ana hati ya ardhi yake?

Hapo tukakaa chini ya mgunga mpaka jua likapita utosini. Mi nina shangazi Kajiado, nimekaa kule. Sheria ya Kenya ya 1968 iliwapa ranchi za pamoja, baadaye nyingi zikagawanywa kila mtu na kipande chake, wengine wakauza, na mvua isiponyesha kwenye kipande chako unaenda kulipia nyasi kwa mwenye nazo. Nikamwambia mvua ya huku unaijua mwenyewe, inanyesha kilima hiki kile kinabaki kikavu, mwakani inageuka, sasa ukijifungia hapa mwaka ikikukosa utapita wapi? Ule ukame wa 2009 ng'ombe wako waliobaki si walikula kwenye maeneo ya watu na hakuna aliyekuzibia njia? Akanyamaza muda mrefu sana. Akasema nimekusikia kijana wangu, basi.

Nikaondoka sijui kakubali au kanifukuza, njaa inauma, jua kali, bado nilitakiwa lambo ambako makundi mawili yalikuwa yanagombea zamu, masaa mengine yakaishia huko. Jioni tunahesabu ng'ombe mmoja hayupo, layoni, kijana mchungaji, anasema kabaki bondeni anataka kuzaa, tukamfuata na tochi, tukarudi usiku nimembeba ndama begani miguu haitaki tena.

Tulipita pale kwenye uzio. Miiba ilikuwa imevutwa pembeni, upenyo wa ng'ombe wawili hivi. Kwa kundi zima hautoshi. Nimemtumia mtoto wake meseji kwamba asubuhi nitakuja tuvute pamoja mpaka kwenye kichuguu.