Nilivyolirejesha daftari la makumbusho ya mji mdogo

Nilipokabidhiwa funguo za makumbusho ya mji mdogo, yenye vyumba vitatu vya historia na kimoja cha sanaa, nilikuta vitu vimetunzwa kwa upendo lakini havina maandishi. Mtunzaji aliyenitangulia alivijua vyote kichwani, na alipofariki, habari za sehemu kubwa ya mkusanyo zilikwenda naye. Kitu kisichojulikana kilikuwa cha nani na kilifikaje hubaki pambo tu, hata kiwe kizuri namna gani. Ndiyo maana niliahirisha maonyesho mapya nikaanza na daftari la usajili.

Kila kitu nilikipa nambari yenye sehemu tatu: mwaka kilipopokelewa, kundi la mapokezi katika mwaka huo, na nafasi ya kitu chenyewe ndani ya kundi, kwa mfano 2019.4.12. Kwenye picha niliandika nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Kwenye nguo nilishona utepe wa pamba kwa mishono michache. Kwenye mbao niliandika juu ya tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa bila kuacha alama. Michoro ya rangi za maji, ambayo ilikuwa ikikabili dirisha, niliihamishia ukuta wenye mwanga hafifu usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwani rangi ikishapauka hairudi.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya picha moja ya wanawake saba waliosimama mbele ya karakana, ambayo nilikuwa nimeisajili kwa maneno mawili tu: "Wanawake, karakana." Mzee mmoja niliyemwalika aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha fremu, kisha akasema, "Mwanangu, huyu wa tatu ni shangazi yangu. Mkono wa kushoto ameuficha kwa sababu mashine ilimjeruhi." Nilichukua kioo cha kukuzia, nikauona mkono umekunjwa ndani ya pindo la vazi, ilhali picha hiyo nilikuwa nimeishika mara nyingi bila kuliona jambo hilo.

Tangu siku hiyo niliwaalika wazee kila Jumamosi asubuhi, nikawarekodi kwa ridhaa yao, na kila maelezo nikayaandika pamoja na jina la msemaji na tarehe, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu ni chanzo kama hati yoyote. Wawili walipotofautiana, niliandika kauli zote mbili bila kuamua nani amekosea. Naamini huo ndio uaminifu ambao makumbusho inaudaiwa na watu wake.

Wanawake sita wa picha ile sasa wana majina daftarini. Nafasi ya saba ingali tupu, na nakala ya picha nimeiweka mezani karibu na mlango, pamoja na karatasi na penseli.