Adhuhuri ya Kaskazi Makunduchi

Kaskazi ilikuwa imekolea nilipopanda gari ya Makunduchi, mwanzoni mwa Machi, siku zile ambazo jua la Unguja hupita utosini hata mtu akakikosa kivuli chake mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kumjulia hali dada yangu, na kabla gari haijajaa nilinunua yai la kuchemsha, nikalitia mkobani kwa ajili ya mwanawe. Tulipita Tunguu, tukauacha nyuma msitu wa Jozani, na baada ya Kitogani ardhi ikabadilika: udongo ukapungua, mawe ya matumbawe yakachomoza, na miti mikubwa ikawapisha vichaka vifupi vya majani magumu. Huku ndiko uwandani, ambako mkulima hupanda muhogo katika vijisehemu vya udongo vilivyobanwa baina ya mawe.

Mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, alinichukua tukaangalie shamba la mama yake. Alikuwa ameacha ndara nyumbani, na alipokanyaga jiwe lililokuwa wazi juani aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akakimbilia kivuli cha mbuyu. Alipokuwa akiupuliza wayo wake aliona msafara wa chungu weusi wakikatiza juu ya jiwe lile lile, wawili wao wakiburura bawa la panzi.

“Mjomba, mbona chungu hawaungui?”

Swali hilo limenishughulisha kwa miaka, na nilifurahi kulisikia kutoka kwake. Nikalitoa yai, nikalimenya, nikamwonyesha weupe wake. Ute wa yai bichi ni maji yaliyojaa protini. Kila protini ni mnyororo wa molekuli ndogo ziitwazo asidi amino, uliojikunja kwa namna yake maalumu, sehemu zinazopatana na maji zikiwa nje na zile zisizopatana nayo zikiwa zimefichwa ndani, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha kufanya kazi. Joto huutikisa mnyororo mpaka ukakunjuka. Sehemu zilizokuwa zimejificha zikatokeza, zikanatana na za protini jirani, na zikifika nyuzi 60 hivi ute huganda. Ukiliacha yai lipoe mpaka kesho, halirudi kuwa bichi. Kwa hiyo mdudu anayekufa kwa joto haungui kama ukuni. Protini zake hukunjuka na kushikana, na jambo hilo huanza katika joto lililo chini sana ya lile la sufuria ya mayai.

Kisha nikamweleza habari za jangwa la Sahara, anakoishi chungu wa rangi ya fedha aitwaye Cataglyphis bombycina. Huyu hutoka shimoni adhuhuri, wakati mchanga umepita nyuzi 60 na mijusi wanaomwinda wamekwisha kujificha, akawasake wadudu waliokufa kwa joto. Mwili wake huvumilia mpaka nyuzi 53 na nusu hivi, na safari yake ni ya dakika chache tu. Nywele zake, ambazo zikikatwa huonekana zina pande tatu, hurudisha mwanga wa jua na pia husaidia joto la mwili kutoka. Hilo lilielezwa na wanasayansi mwaka 2015. Lakini kinachonivutia zaidi kimo ndani ya seli zake.

Seli za viumbe karibu wote, toka bakteria mpaka binadamu, huwa na protini zinazozilea protini nyingine, nazo huitwa protini za mshtuko wa joto. Njia ya kuzigundua ilifunguka kwa bahati. Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu, yaani vibebaji vya jeni ndani ya seli, za nzi wadogo wa matunda, na mtu mmoja akaongeza joto la kabati walimowekwa. Ritossa akaona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, dalili ya kwamba jeni zake, yaani maagizo ya kutengenezea protini, zimeamka. Alilitangaza jambo hilo mwaka 1962. Mojawapo ya protini hizo, HSP70, huikamata ile sehemu iliyotokeza ya protini inayokunjuka, ikaizuia isinate na jirani, kisha ikatumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuiachia ili ijikunje upya.

Sasa, viumbe wengi huzitengeneza kwa wingi baada ya joto kuwapata. Chungu wa Sahara angefanya hivyo angechelewa, maana dakika zake chache zingekwisha kabla kinga haijatosha. Mwaka 1995 wanasayansi Walter Gehring na Rüdiger Wehner walionyesha kwamba chungu hao huzilimbikiza kabla ya kutoka shimoni, wakiwa bado kivulini. Tena seli zao huendelea kutengeneza protini mpaka nyuzi 45, ilhali kwa chungu wa misitu ya Ulaya waliyemlinganisha naye kazi hiyo husimama kwenye nyuzi 39.

Tuliporudi, dada alikuwa barazani akilowesha ukindu, kwa kuwa ukindu mkavu ukikunjwa huvunjika. Nikamkumbuka mdudu mwingine, Polypedilum vanderplanki, ambaye mabuu yake huishi katika vidimbwi vya juu ya miamba huko kaskazini mwa Nigeria. Dimbwi likikauka polepole, buu hukauka nalo mpaka akabakiwa na maji asilimia 3 tu, na badala ya maji seli zake hujaa sukari iitwayo trehalosi, ambayo huwa ngumu kama kioo na kuzishikilia protini na utando wa seli pale pale zilipo. Katika hali hiyo amevumilia zaidi ya nyuzi 100 kwa dakika moja. Akinyeshewa, huanza kujinyonganyonga baada ya saa moja hivi.

Mpwa wangu hakungoja nimalize. Alichota maji kwa kata mtungini, safari hii akavaa ndara, akakimbilia jiwe moja nyuma ya nyumba lenye kishimo kikavu, akayamimina. Nilimwambia kwamba mdudu huyo ni wa mbali, naye akasema tuangalie tu. Tuliinama sote wawili: vumbi likaelea, jani kavu likazunguka mara mbili, na jiwe likaanza kuyanywa maji.