Waliobandua Stika Bure

Jumamosi usiku

Nimemaliza kutazama sehemu zote sita za McMillions, mfululizo wa filamu za hali halisi ulioongozwa na James Lee Hernandez na Brian Lazarte, ambao kituo cha televisheni cha Marekani, HBO, kilianza kuuonyesha mwezi Februari 2020, na kabla sijalala nataka kuandika jambo linalonikera. Si kwamba mfululizo wenyewe ni mbaya. Umetengenezwa kwa ustadi, wahusika wake wanazungumza kwa uwazi ambao si wa kawaida, na kila sehemu inakatizwa pale pale ambapo mtazamaji hawezi kuzima televisheni. Kinachonikera ni kicheko. Wizi wa zaidi ya dola milioni 24, ulioendelea kuanzia mwaka 1989 hadi 2001, unasimuliwa kwa muziki wa kuchezacheza na mizaha ya kila dakika, na mimi nilicheka pamoja na wengine mpaka nilipoanza kujiuliza ni nani hasa aliyeibiwa.

Kwa ambaye hakuifuatilia, habari ni hii. Mwaka 1987 McDonald's ilianzisha nchini Marekani promosheni iliyofuata mchezo wa ubaoni wa Monopoly. Mteja alinunua chipsi au soda, akabandua stika iliyokuwa kwenye pakiti au kikombe, akapata jina la mojawapo ya mitaa ya mchezo huo, na aliyekamilisha mitaa ya rangi moja alijipatia zawadi. Siri ya hesabu yake ni kwamba katika kila rangi mtaa mmoja tu ndio uliokuwa adimu. Katika rangi moja, kwa mfano, Park Place ilimwangukia karibu kila mtu, ilhali Boardwalk ilichapishwa kwa idadi ya kuhesabika kwa vidole. Zilikuwapo pia stika za ushindi wa papo hapo, nyingine za dola milioni moja taslimu kwa maandishi, ingawa si kwa malipo, kama nitakavyoeleza. Stika hizo chache ndizo zilizokuwa pesa. Mamilioni ya nyingine zote zilikuwa karatasi ya kumrudisha mteja dukani kesho yake.

Kazi ya kuendesha promosheni hiyo ilikabidhiwa kampuni ya Simon Marketing ya Los Angeles, na usalama wa stika za ushindi ulikabidhiwa mkuu wa ulinzi wa kampuni hiyo, Jerome Jacobson, aliyewahi kuwa polisi katika mji wa Hollywood wa Florida. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee, lakini hao walimpa mtoto bila kujua kwamba ni mchawi, na kwa miaka mingi mtoto alionekana ananenepa. Jacobson alikuwa mkali kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba kwenye kiwanda cha uchapishaji alikuwa akikagua hata viatu vya wafanyakazi, asije mmoja wao akatoka na stika ndani ya soli. Baada ya kuchapishwa, stika za thamani zilitiwa kwenye bahasha, bahasha zikafungwa kwa lakiri maalumu ambazo zingeonyesha mara moja kama mtu amezigusa, na yeye mwenyewe akazibeba ndani ya mkoba wake kwenda kwenye viwanda vya vikombe na vifungashio vilivyotawanyika nchini kote. Hakusafiri peke yake. Alifuatana na mkaguzi wa kujitegemea ambaye jukumu lake lilikuwa kutoiacha bahasha ipotee machoni pake.

Mwanzoni aliiba kidogo. Mwaka 1989 alimpa nduguye wa kambo stika ya dola 25,000, na kama yangeishia hapo pengine leo hakuna ambaye angelijua jina lake. Jambo lililobadilisha kila kitu lilitokea mwaka 1995, wakati mtengenezaji wa lakiri huko Hong Kong alipomtumia yeye kwa makosa pakiti nzima ya lakiri zile zile zilizopaswa kumzuia. Tangu siku hiyo njia ilikuwa wazi. Mkaguzi aliyefuatana naye alikuwa mwanamke, kwa hiyo kulikuwa na mahali pamoja uwanjani mwa ndege ambapo hakuweza kumfuata: msala wa wanaume. Jacobson aliingia, akajifungia chooni, akafungua bahasha, akatoa stika za ushindi na kutia za kawaida, kisha akafunga kwa lakiri mpya na kutoka akiwa ameshika mkoba wake. Mfumo mzima uliogharimu pesa nyingi, uliobuniwa kuwazuia wateja wenye mkasi na gundi, uliangushwa na mlango wa choo ambao hakuna aliyefikiria kuuwekea utaratibu.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ya kisa ambayo waongozaji wameipenda kuliko nyingine zote, na siwalaumu. Mwaka huo huo wa 1995 Jacobson alikutana katika uwanja wa ndege wa Atlanta na Gennaro Colombo, mtu mwenye kujinasibisha na ukoo wa mafia wa New York wenye jina hilo, na kuanzia hapo stika zikapata soko. Colombo aliwatafuta watu wa kujifanya washindi: jamaa, marafiki, wakwe, marafiki wa wakwe. Alipofariki mwaka 1998 kutokana na ajali ya gari, Jacobson alipata mawakala wengine na biashara ikaendelea kama kawaida.

Lakini hebu mtu atazame masharti ya biashara hiyo, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niache kucheka. Zawadi ya dola milioni moja haikulipwa kwa mkupuo. Ililipwa dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 20, kabla ya kodi. Jacobson na mawakala wake hawakutaka kusubiri miaka 20, kwa hiyo walidai sehemu yao mapema, na aliyeitwa mshindi alilazimika kuipata pesa hiyo popote alipoweza. Mama mmoja wa Jacksonville, Florida, aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, aliweka nyumba rehani ili awalipe, kisha akalazimika kudanganya kuhusu mahali anapoishi ili washindi wasionekane wamerundikana sehemu moja. Kila hundi ya mwaka ilipokuja, mawakala walikuwa na madai mapya. Anaposimulia haya mbele ya kamera hakuna kitu cha kuchekesha usoni pake. Alijua anashiriki uongo, hilo halikani, lakini kati yake na mtu wa msalani kuna umbali mkubwa ambao sheria, kama nitakavyosema, ilipata tabu kuupima.

Kuna pia bahasha ya hospitali. Mwaka 1995 hospitali ya watoto ya St. Jude huko Memphis, ambayo hutibu watoto wenye saratani, ilipokea kwa posta bahasha isiyo na jina la mtumaji, na ndani yake ilikuwamo stika ya dola milioni moja. Kanuni za promosheni hazikuruhusu mtu kumpa mwingine zawadi, ila McDonald's iliamua kuilegeza kanuni hiyo na kuilipa hospitali. Magazeti yalisifu wema wa mfadhili asiyejulikana. Baadaye ikafahamika kwamba aliyeituma ni Jacobson. Nimejaribu kuamua nifikirie nini kuhusu tendo hilo na sijafika popote. Anayempenda atasema alikuwa na moyo. Mimi naona zaidi mtu aliyekwisha kuwa na stika nyingi kuliko watu wa kuwapa.

Mwaka 2000 ofisi ya Jacksonville ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipokea taarifa kutoka kwa mtu asiyejitaja kwamba promosheni inachezewa na mtu anayeitwa Mjomba Jerry (Jerry ni kifupi cha Jerome), na kwamba baadhi ya washindi ni ndugu. Kachero kijana, Doug Mathews, aliyekuwa amechoshwa na kesi za udanganyifu wa bima za matibabu, aliiona karatasi ndogo yenye maneno machache kuhusu jambo hilo kwenye meza ya mwenzake na akaing'ang'ania. Mathews ndiye nyota wa mfululizo. Ni mcheshi, anajipenda, na anasimulia upelelezi kana kwamba alikuwa anatafuta sherehe. Wazo lililofanyika chini ya jina la Operesheni Final Answer lilikuwa kuwaendea washindi kwa kujifanya kikundi cha watengeneza filamu waliotumwa kurekodi furaha yao. Mwanamume mmoja wa Rhode Island aliwaeleza makachero hao, bila kujua ni makachero, kisa kirefu cha jinsi alivyosinzia ufukweni, jarida lake likachukuliwa na maji, akanunua jingine, na ndani yake ikawamo stika ya milioni. Walimrekodi kwa utulivu kabisa, huku wakimwomba arudie vizuri sehemu ya bahari.

Kicheko hicho nakielewa. Ila ili mtego ukamilike, FBI ilihitaji kumnasa Jacobson akiwa kazini, simu zake zikisikilizwa, stika ikitoka mkononi mwake hadi kwa wakala na kutoka kwa wakala hadi kwa mshindi wa uongo. Kwa maana nyingine, ilihitaji promosheni ichezwe tena. Wakuu wachache wa McDonald's walielezwa, wakafikiri, wakakubali, na mwaka 2001 stika zikarudi kwenye vikombe. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Promosheni ile iliendeshwa na kampuni iliyojua kwamba zawadi kubwa zinaibwa, kwa idhini ya serikali iliyojua vilevile, huku matangazo yakiwaambia wateja kwamba yeyote anaweza kushinda. Sisemi walikosea, bila hilo pengine ushahidi usingepatikana na wizi ungeendelea miaka mingine kumi. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ndio uzito halisi wa kisa hiki, nao unapita haraka mno, ukisimuliwa kama hatua moja tu ya upelelezi uliofanikiwa.

Sisi tuliokua tukikwangua vizibo vya soda tunajua mteja wa promosheni anavyofikiri. Hatarajii kushinda. Anakwangua kwa sababu pana nafasi, hata iwe finyu kiasi gani, na nafasi hiyo ni sehemu ya kitu alicholipia. Ndiyo maana swali la nani aliyeibiwa ni gumu. McDonald's ililipa pesa ambazo ingezilipa hata hivyo. Aliyepoteza ni mtu ambaye angekunywa soda yake siku fulani huko Ohio au Texas na kukuta stika ya milioni, lakini mtu huyo hajulikani, wala yeye mwenyewe hajui. Hakuna shahidi wa kumwita. Kamera haiwezi kumhoji mtu ambaye hajui kwamba lilimpata jambo, na kwa kuwa hayupo, nafasi yake imejazwa na watu wenye vichekesho.

Mahakamani nako mambo hayakunyooka. Mwanasheria mkuu John Ashcroft alitangaza kukamatwa kwa watu wa kwanza tarehe 21 Agosti 2001. Kesi ilifunguliwa Jacksonville tarehe 10 Septemba, na asubuhi iliyofuata ndege ziligonga majengo pacha ya New York. Baada ya hapo hakuna gazeti lililokuwa na nafasi ya stika za chipsi. Zaidi ya watu 50 walikiri au walipatikana na hatia. Jacobson alikiri ulaghai kwa njia ya posta, akahukumiwa kifungo cha miezi 37 na kuamriwa kurudisha dola milioni 12.5. Hakukubali kuhojiwa kwenye mfululizo, na ukimya wake una nguvu kuliko maneno ya wengi waliokubali. Kisha mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Atlanta ikatengua hukumu za baadhi ya washtakiwa. Serikali ilikuwa imewashtaki kwa kula njama moja, lakini majaji waliona kwamba kila mmoja alimjua mtu wake tu na hakujua lolote kuhusu wengine: spoki zote zilishika kwenye kitovu kimoja, Jacobson, ila gurudumu halikuwa na ringi ya kuziunganisha. Ni hoja ya kisheria tupu, na bado ndiyo maelezo bora niliyopata ya jinsi uovu huu ulivyofanya kazi. Mama wa Jacksonville hakuwahi kuuona mtandao. Aliona mlango mmoja, na mtu mmoja amesimama mlangoni.

Simon Marketing ilifukuzwa kazi mwezi ule ule wa Agosti na haikuinuka tena. McDonald's yenyewe, ili kurudisha imani, ilitenga dola milioni 10 na kuzigawa mwishoni mwa juma la sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba 2001, kwa watu 55 walioteuliwa bila mpango wowote ndani ya migahawa yake: watano walipata milioni moja kila mmoja, 50 walipata 100,000. Hakuna aliyetakiwa kubandua kitu. Wala hakuna aliyeulizwa kama alikuwa amecheza mwaka 1992 au 1997. Ningependa sana kumsikia mmoja wa hao 55 akieleza jinsi alivyoguswa bega akiwa kwenye foleni, na baada yake nimsikie mtu yeyote aliyekusanya Park Place kumi na nne kwa miaka kumi akingoja Boardwalk, ambayo wakati huo ilikuwa kwenye mkoba wa mtu mwingine.